Bibi alipomwona mjukuu wake mchanga

Kwa miaka miwili, mtoto wa miaka tisa kijijini Wambaa, wilaya ya Mkoani, Pemba, alikuwa ndiye fimbo ya bibi yake. Alfajiri alimpeleka kutawadha, kisha akamkalisha barazani. Skuli alifika amechelewa, na siku nyingine hakufika kabisa.

Nyumbani hawakuona kuwa bibi ni mgonjwa. Ni mzee tu, walisema. Macho yake yalianza kwa ukungu, kama moshi wa jikoni usiotoka, mpaka akawa hawezi kuhesabu vidole vilivyo mbele ya uso wake. Huo ni mtoto wa jicho: lenzi iliyo ndani ya jicho hugeuka nyeupe na kuzuia mwanga. Ndio ugonjwa unaoongoza kwa kupofua watu duniani, na tiba yake ni upasuaji. Asali na maji ya majani hayaifikii hiyo lenzi, ila yanaweza kuliunguza jicho.

Kilichomkalisha si woga peke yake, ingawa jirani alishamwambia kuwa madaktari hulitoa jicho, wakaliosha, wakalirudisha. Ilikuwa hesabu. Nauli ya watu wawili, siku za kukaa mjini, nani atabaki na mtoto mchanga, na bamvua likija nani atakwenda pwani? Mama wa nyumba ile huchokoa pweza. Maji yakipwa na yeye hayupo, hakuna kitoweo wala cha kuuza.

Basi sheha alipotangaza kuwa madaktari wa macho wanakuja na vifaa vyao, na mgonjwa atachukuliwa kwa gari na kurudishwa, hesabu ikabadilika. Si wazo geni. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha Afrika Mashariki huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni Amref. Waliona kuwa ni rahisi daktari mmoja kusafiri kuliko wagonjwa mia.

Bibi alichomwa sindano ya ganzi, lenzi iliyoharibika ikatolewa kwa tundu dogo na ya bandia ikawekwa. Jicho halikutoka mahali pake. Haikufika nusu saa, na muda wote alikuwa macho, akiwasikia madaktari wakizungumza.

Kesho yake bendeji ilipofunguliwa, alimtazama binti yake kwa muda.

"Mwanangu, mbona umekonda hivi?"

Kisha akamtaka yule mchanga, ambaye alikuwa anamjua kwa mikono tu. Akamgeuzia dirishani. Akanyamaza.

"Huyu ana weupe kwenye mboni."

Mama alishauona weupe huo usiku. Akadhani ni taa.

Hapo ndipo huduma ya kutembea ilipogota. Mtu mzima hupasuliwa kwa ganzi ya jicho tu. Mtoto lazima alazwe kwa nusu kaputi, na anataka mtaalamu wa macho ya watoto pamoja na miezi ya kufuatiliwa. Familia ikaandikiwa barua ya kwenda CCBRT, Dar es Salaam, na ikaambiwa isingoje. Bibi alikaa miaka miwili gizani na bado akaona. Mchanga hana muda huo, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipopata picha unaacha kujifunza. Tena si kila weupe ni mtoto wa jicho. Mara nyingine ni saratani ya jicho, na hiyo huua.

Kambi za macho ziendelee, lakini kliniki ya chanjo ipo karibu na kila mzazi anakwenda. Kumulika mboni za mtoto kwa tochi ni kazi ya dakika moja. Mzazi, ukiona weupe, au kwenye picha ya simu jicho moja linang'aa jeupe na jingine jekundu, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, hata kama hakuna kambi iliyotangazwa.

Baba aliuza karafuu alizokuwa amezianika, zikatosha nauli ya boti. Yule wa miaka tisa alirudi skuli. Siku ya safari bibi alivaa miwani yake myeusi, akawasindikiza mpaka kituo cha gari bila kushikwa mkono, akimkinga mchanga jua kwa mwavuli.