Njia ya mwanzo nayo ihesabiwe



Kila mwaka mwezi wa sita ukikaribia, simu zetu zinaanza kulia. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na kila mradi unatafuta hadithi ya mafanikio: kijana mmoja, picha moja anacheka, maneno mia mbili. Hatuwasemi vibaya. Wengi wetu tumeshavaa hizo fulana na soda tumekunywa. Ila mwaka huu tumewaletea mtu ambaye hamkumtegemea. Alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, yaani siku yetu yenyewe. Mwaka 1972 akaikimbia Uganda. Pasaka ya 1973 akashinda Safari Rally. Anaitwa Shekhar Mehta, na hatukumjulia kwenye semina. Tulimjulia gereji, Katwe.

Wanne kati yetu wanafanya kazi pale, kule chini ambako magari yanakatwa, yanachomelewa na kupakwa rangi mchana kutwa. Mwenye gereji ni mzee Mganda, umri wa babu zetu. Sisi tunamwita Mzee, yeye anatuita wanangu. Kiswahili chake kimechanganyika na Kiluganda, lakini akianza kusimulia magari unaelewa kila kitu. Ukutani, juu ya meza ya kazi, kuna picha iliyokatwa gazetini, imeshakuwa ya njano: Datsun yenye boneti ndefu, tope mpaka kwenye vioo. Tuliipita mwaka mzima bila kuuliza. Siku moja mvua ikapiga, umeme ukakatika, kazi ikasimama. Mmoja wetu akauliza, "Mzee, hili gari lilikuwa lako?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Langu? Mimi nilikuwa mtoto wa kuosha nati kwenye petroli."

Miaka ya sitini alikuwa anasaidia kwenye gereji ya Mhindi mmoja hapa Kampala. Pasaka ikifika, anasema, hakuna aliyeshika spana kwa akili timamu, maana magari ya Safari yalikuwa yanapita Uganda. Watoto walikaa kando ya barabara tangu usiku. Kwanza unaona taa mbali, nyingi kuliko za gari la kawaida, halafu unasikia injini, halafu umeshapigwa tope la uso. "Likinasa tunalisukuma," akasema. "Halafu linaondoka na kutuoga tope mara ya pili. Tulikuwa tunafurahi!"

Sasa tuwaeleze kidogo, maana wengine wetu tulidhani ni kama Formula 1, magari yanazunguka uwanja mmoja. Sivyo. Mbio hizi zilianza 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza anatawazwa, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikaitwa East African Safari. Zilikimbiwa kwenye barabara za kila siku, zenye mabasi, ng'ombe na watu wanaotoka kanisani, maelfu ya kilomita, mchana na usiku, na kwa makusudi kabisa wakati wa mvua za masika. Kulikuwa na vituo njiani, na kila kituo unatakiwa ufike kwa muda uliopangwa. Ukichelewa, unahesabiwa pointi za adhabu. Mwisho wa yote, mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Kwa hiyo kukimbia tu hakutoshi. Lazima gari lifike.

Na kufika kulikuwa shida kweli. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Mengine yote yalibaki huko kwenye tope, kwenye mito, au yamekatika spring.

Mzee anampenda zaidi Joginder Singh, Kalasinga wa Kenya aliyezaliwa Kericho, kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant walichukua Volvo PV544 ambayo ilishatumika kwenye mashindano, wakaiandaa, wakawapiga watu waliokuja na magari mapya ya kampuni. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mzee anasema dereva ambaye ni fundi anasikia gari linaumwa kabla halijaanguka. Hilo tunaliamini, tunaliona kila siku.

Lakini picha ya ukutani si ya Joginder. Ni Datsun 240Z, silinda 6, lita 2.4, milango miwili. Mwaka 1971 gari la aina hiyo lilichukua nafasi ya kwanza na ya pili kwenye Safari. Wa kwanza alikuwa Edgar Herrmann. Wa pili alikuwa Mehta, kijana wa Uganda, na mwelekezi wake Mike Doughty. Nafasi ya pili, miaka 25 ana. Kampala ilikuwa na haki ya kujivuna.

Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Mzee aliisikia redioni, gereji palepale. Bosi wake hakusema neno. Aliendelea kufunga gia ya Peugeot ya mteja mpaka akamaliza, akanawa mikono, akaenda nyumbani. Wiki kadhaa baadaye alimwita Mzee, akampa sanduku la spana. Picha ile ya gazeti Mzee aliipata mwaka uliofuata, akaibandika. "Bosi wangu sikujua amefika wapi," akatuambia. "Huyu nilimwona gazetini. Nikasema basi, mmoja nimejua alipofika."

Hapo gereji ikanyamaza. Sisi wote pale tunajua kuondoka haraka kukoje. Wengine tulipewa saa, si siku. Hatukuwahi kufikiria kwamba kuna mtu aliyeukimbia mji huu ambao sisi tumekimbilia.

Mehta na familia yake walikwenda Kenya. Pasaka ya 1973 akaingia Safari na 240Z, safari hii mwelekezi wake ni Lofty Drews. Mwaka huo ndio ubingwa wa dunia wa rali ulianza, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Magari yakaenda, yakavunjika, yakarudi Nairobi. Wakahesabu. Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye kwenye Datsun, walikuwa na adhabu sawasawa. Hakuna aliyezidi hata pointi moja.

Ndiyo maana tunaandika leo. Walifanyaje? Hawakurusha shilingi. Hawakuwarudisha barabarani. Sheria ilisema: tazameni nyuma, tangu mwanzo wa njia, nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza? Wakatazama. Alikuwa Mehta. Akapewa ushindi.

Baadaye, kuanzia 1979 mpaka 1982, akashinda mara nne mfululizo akiwa tena na Mike Doughty, kwa Datsun Violet. Jumla mara 5. Alifariki London 2006. Wakenya wanamwita wao, na Waganda wakumbukao nao wanasema alikuwa wetu. Sawa. Ila mwaka 1972 hakuna aliyekuwa anamgombania.

Tulipolipeleka hili kwenye kikao chetu cha Jumamosi, kulizuka ubishi. Dada mmoja akasema huyu si mkimbizi kama sisi. Familia yake ilikuwa na mashamba makubwa, alianza rali kijana kwa gari la BMW, na alipofika Kenya hakulala kanisani na watoto watatu kama mama yake yeye alivyolala. Ana haki. Hatutaki kuwadanganya. Mtu mwenye jina, watu wanaomjua na timu inayomngoja hafiki sawa na mtu mwenye mfuko wa plastiki. Ukichukua maisha ya Mehta ukamwambia kijana wa Nsambya "ona, na wewe unaweza", unamtukana kidogo.

Lakini kaka yetu mmoja wa Bukavu, ambaye kwa kawaida haongei kwenye kikao, akainua mkono. Akasema, "Mimi gari lake silitaki. Mimi nataka ile sheria."

Hapo ndipo tulipomwelewa. Kaka huyu alitengeneza Fuso na malori ya Mercedes miaka sita kabla hajakimbia. Alikuwa na wanafunzi wake wawili. Cheti hana. Alijifunza kwa mjomba wake, na kama kungekuwa na karatasi yoyote ingebaki kwenye nyumba ambayo haipo tena. Mwaka jana alijiandikisha kwenye mradi mmoja wa mafunzo ya ufundi magari. Fomu ilimuuliza tarehe aliyoingia Uganda, namba ya kadi, watu wangapi nyumbani, na kama ana cheti. Hakuna, basi. Akawekwa darasa la wanaoanza. Miezi mitatu alifundishwa jina la spana na mtu ambaye, siku gari la mradi lilipokataa kuwaka, alimwita yeye pembeni amsaidie. Hatutaji mradi na hatuna ugomvi na mwalimu yule, ni mtu mwema. Fomu ndiyo iliyokuwa na tatizo. Fomu ile ilianza kuhesabu mpakani.

Na si yeye peke yake. Kati yetu kuna aliyekuwa mwuguzi, aliyefundisha darasa la nne, dada aliyeendesha duka la kitenge na wateja wa mikopo kumi na wawili kichwani bila daftari. Wote tukifika hapa tunaandikwa kwa siku tuliyovuka. Kilomita zote za nyuma, ambazo tulizikimbia vizuri, bila adhabu, hakuna anayezitazama. Halafu tunasimama mstari mmoja, sawasawa, na wanashangaa kwa nini wengine wamekata tamaa.

Mzee alipoambiwa habari ya kaka yetu hakutoa pole. Alimpa kabureta ya zamani iliyokuwa kwenye ndoo, akamwambia, "Nieleze inaumwa nini." Kaka akaifungua, akapuliza njia za mafuta, akatazama floti juani, akaonyesha kwa kidole palipopasuka. Dakika hazifiki kumi. Mzee akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya risiti kwamba amempima na anajua kazi, akagonga muhuri wa gereji. Ile karatasi haina uzito popote, tunajua. Lakini kaka ameiweka kwenye plastiki pamoja na kadi yake ya ukimbizi.

Tukaulizia zaidi. Hapa Uganda kuna mfumo wa kumpima kwa vitendo fundi aliyejifunza kazini. Idara ya mafunzo ya viwanda, DIT, ilikuwa ikitoa kijitabu kinachoitwa Worker's PAS, kinachoandika kazi moja moja ambazo mtu ameonyesha anaziweza. Haulizi ulikaa darasa gani. Inauliza unaweza kufunga breki hizi au huwezi. Tuliposikia hivyo mmoja wetu akasema, "Kumbe sheria ya Safari ipo!" Shida ni ada ya mtihani, Kiingereza cha maelezo, na kwamba wengi wetu hatukuambiwa ipo.

Kwa hiyo, ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, na tunajua mnasoma, ombi letu la mwezi wa sita ni hili. Kwenye fomu zenu ongezeni mstari mmoja: kabla ya kufika hapa ulikuwa unafanya nini, na kwa miaka mingapi? Akijibu, msimwulize cheti kwanza. Mpeni kitu akitengeneze. Na kama mna bajeti ya fulana, sehemu yake ilipie mitihani ya watu watano. Kaka wa Bukavu awe wa kwanza, picha atapiga, hata kucheka atacheka.

Na ninyi wenzetu wa Katwe, Nsambya, Makindye, Nakivale, popote mlipo: andikeni njia yenu ya mwanzo. Hata kwenye daftari la shule. Kazi gani, kwa nani, miaka mingapi, nani alikuona. Sisi tumeanza, na tumeshangaa kusikia tuliokaa nao miaka miwili walikuwa nani.

Jumamosi hii tunakutana saa nane mchana, si kwenye ukumbi, ni gereji kwa Mzee. Amesema atatusimulia habari za 1968, yale magari saba. Njooni na nguo ambazo hamzionei huruma, maana kuna Datsun ya mteja imeletwa, haiwaki, na amesema hakuna kukaa bure.