Mashine Ndani ya Mafuta

Maji na umeme ni maadui wa kale. Hata mtoto huonywa asiguse swichi kwa mkono uliolowa. Basi mtu aambiwapo kuwa kompyuta yaweza kuzamishwa nzima katika kiowevu, ikafanya kazi humo usiku na mchana, hudhani anataniwa. Hataniwi. Kinachopitisha umeme katika maji ya kawaida ni chumvi zilizoyeyuka ndani yake, si umajimaji wenyewe. Mafuta safi ya madini hayaupitishi, na transfoma zimepozwa kwayo tangu karne ya 19.

Seymour Cray, Mmarekani, alilitenda jambo hili kwa fahari. Kompyuta yake kubwa, Cray-2, ilitoka mwaka 1985, na saketi zake zilisongamana hata hewa isiweze kuziondolea joto. Akazitosa katika Fluorinert, kiowevu kisicho na rangi wala harufu, ghali mno.

Mtu wa nyumbani hana mfuko wa Cray. Hununua tangi la kufugia samaki akalijaza mafuta ya madini. Wako waliojaribu mafuta ya kupikia kwa kuwa hupatikana upesi. Walakini hayo huchacha, na mwenye nyumba hupata kompyuta inayonuka kama kikaango cha juzi. Diski ya kuzunguka yenye tundu la kupumulia haitiwi humo. Sharti ikae nje. Tena mafuta hutambaa katika nyaya, kama yapandavyo utambi wa taa, yakadondoka mezani. Na ikiwa kipande kimoja kimeharibika, fundi gani atakipokea kikichuruzika?

Hayo yote yangevumilika kama mafuta yangeumba baridi. Hayaumbi, huchukua joto tu. Lita moja ya mafuta hubeba joto zaidi ya mara 1,000 ya lita moja ya hewa, kwa hiyo saa za kwanza ni za furaha: mashine imetulia, feni zake za kelele zimeondolewa, mwenyewe anaita jirani aje kutazama. Joto, hata hivyo, halikutoka, limewekwa akiba. Tangi huvuguka kidogo kidogo, na kazi ikiwa nzito na ya siku nzima, kioo peke yake hakitoshi kulitoa. Hapo hununuliwa pampu, kisha rejeta, kisha feni ya kuipuliza rejeta, nayo huvuma chumbani kama zile zilizoondolewa.