Kijiti Kilichokataa Kuingia

Msomaji wangu, huenda nawe siku moja ukatumwa mjini na mtu akuaminiye, fedha zake zikiwa mfukoni mwako na jina la kitu usichokijua likiwa kinywani. Mimi nalitumwa hivyo mwaka 2019. Dada yangu mkubwa alikuwa na chumba kidogo cha kupiga chapa huko Voi, na ndani yake kompyuta moja kuukuu iliyomlisha yeye na watoto wake wawili. Mashine ile ilikuwa imezidiwa. Ukiifungulia waraka wa pili, wa kwanza hugandama.

“Nenda Mombasa, mdogo wangu, uniletee kumbukumbu,” akasema, akafungua mkebe na kunihesabia shilingi 2,800, nyingi zikiwa noti za hamsini hamsini. Jumatatu ilimpasa kutoa karatasi za mtihani wa shule jirani.

Dukani nalijitia ujuzi. Muuzaji aliniuliza, “Ya aina gani?” Nikamjibu, “Ya gigabaiti 4,” kama mtu aulizwaye kimo cha kiatu akataja rangi yake. Akauliza tena, “Kizazi cha nne?” Nikaitika mara moja, kwa kuwa nne ndiyo hesabu pekee iliyokuwamo kichwani mwangu. Muuzaji hakunidanganya. Aliniuliza, nami nikajidanganya.

Usiku ule nalifungua sanduku la kompyuta, nikakiweka kijiti kipya kwenye mfereji wake katika ubao mama. Upande mmoja ulishuka, wa pili ukabaki juu. Nikasukuma. Kikabisha. Nikasukuma kwa vidole gumba vyote viwili, na hapo tukasikia mlio mdogo mkavu: kigingi cha plastiki kilichomo ndani ya mfereji kilikuwa kimevunjika.

Dada hakunikemea, na laiti angalinikemea. Alichukua kurunzi, akachomoa kijiti cha zamani kutoka mfereji wa pili, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. “Hiki kimeandikwa PC3,” akasema, “na chako PC4. Je, hayo si mamoja?” Hayakuwa mamoja. Mtu asiyewahi kufungua sanduku lile aligundua kwa nusu dakika jambo ambalo mimi sikulitafuta safari nzima.

Sasa nikueleze. Kumbukumbu hizi huenda kwa vizazi. Kizazi cha tatu, kiitwacho DDR3, kilitoka mwaka 2007. Cha nne mwaka 2014. Na kanuni za cha tano zilitangazwa mwaka 2020. Kwa macho vijiti vya kompyuta za mezani hufanana kama ndugu wa tumbo moja, maana urefu wao ni sentimita 13 na kitu. Lakini kijiti cha tatu kina meno 240 na hutumia volti 1.5, ilhali cha nne kina meno 288 na hutumia volti 1.2. Ndiyo sababu waundaji wamekata pengo la kila kizazi mahali pake, na katika mfereji wakasimamisha kigingi kilingane nalo. Kigingi kile nilichokivunja kiliwekwa kunizuia mimi hasa.

Basi kabla hujatoa senti, zima mashine, uchomoe waya wa umeme, ushike chuma cha sanduku ili umeme ulio mwilini mwako utoke, kisha usome kijiti cha zamani. Hicho kitakuambia kizazi. Walakini hakitakuambia ukomo. Kwa hilo tafuta jina la ubao mama, ambalo kwa kawaida huchapwa juu ya ubao wenyewe katikati ya mifereji na vifaa, ukalitafute katika kitabu chake au katika tovuti ya waliouunda. Humo utaona aina, kasi, na kiasi ambacho kila mfereji unaweza kubeba. Tena ujihadhari na vijiti rahisi vilivyotolewa katika kompyuta kubwa za seva. Kizazi chaweza kuwa kile kile na pengo likalingana, bali ubao wa kawaida ukavikataa vingi vyake.

Sisi tulisoma kitabu hicho tukiwa tumechelewa. Kilisema gigabaiti 4 kwa kila mfereji, nasi tumebakiwa na mfereji mmoja. Nalirudi Mombasa alfajiri. Muuzaji alitazama meno yaliyokwaruzwa, akakipokea kijiti kwa nusu ya bei, nami nikatoka na cha kizazi cha tatu kilichokwisha kutumika, bila chenji.

Karatasi za mtihani zilitoka Jumatatu jioni. Kile kijiti cha zamani cha gigabaiti 2, kilichokosa mahali pa kukaa, dada alikiweka juu ya meza yake, kikashikilia karatasi zisipeperushwe na upepo wa mlangoni.