Safari Yetu ya Matombo, na Maneno Yafananayo

Watu wa Morogoro huusifu mji wao kwa kuuita "mji kasoro bahari". Maana yao ni kwamba kila kizuri kimo: maji ya mlimani, ndizi, mboga za Mgeta, ubaridi wa alfajiri, na reli iliyoufikia tangu mwaka 1907, kilichokosekana ni bahari tu. Sisi waalimu wa chuoni tumeyageuza maneno hayo kidogo kwa ajili ya kufunza watoto, tukasema: Morogoro hauna ila, ila bahari. Watoto hucheka, kwani wasikia neno moja likitajwa mara mbili. Lakini si neno moja. Ila ya kwanza, yenye maana ya dosari, kwa Kiarabu huanza na herufi ya ain. Ila ya pili, yenye maana ya isipokuwa, huanza na hamza. Kiswahili hakina sauti ya ain, basi maneno mawili ya nyumba mbalimbali yakaingia kwetu kwa mlango mmoja, yakavaa kanzu moja.

Ndugu msomaji asidhani kuwa haya ni mchezo. Katika Qur'ani Tukufu, aliim kwa ain ni Mwenye kujua, na kwa hamza ni chenye kuumiza. Qalb kwa qaf ni moyo, na kwa kaf ni mbwa. Kwa hiyo miaka yote hii twakaa mkekani tukiwaambia watoto: litazameni neno kabla ya kulisema, na mjue limetoka wapi. Wala hatukufikiri kwamba somo hilo litatugeukia sisi wenyewe.

Jambo lenyewe lilitokea mwaka 2003. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Morogoro kutoka Bagamoyo, na milima tuliijua kwa kuitazama kutoka barazani tu. Chuoni petu akaletwa mtoto wa kiume, umri wake yapata miaka kumi, aliyekuja kukaa kwa mama yake mdogo hapo mjini. Ilikuwa desturi yetu kumwuliza mwanafunzi mgeni kwao ni wapi. Tukamwuliza. Akajibu, "Matombo."

Watoto waliotoka pwani wakaangua kicheko, kwa sababu jina hilo lafanana na tusi la pwani ambalo hatuliandiki katika gazeti lisomwalo na watu wa nyumbani. Tukamwambia aseme tena, tukidhani tumesikia vibaya. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtoto mtiifu aliyeambiwa hakusikika. Sisi tukaona ni ufidhuli. Tukamtoa nje, tukamwambia asirudi mpaka ajue adabu. Akachukua juzuu yake akaenda zake.

Siku saba hakuonekana. Siku ya nane jirani yetu muuza kahawa, Mluguru, akatwambia kwa upole, "Maalim, Matombo ndiko kwao. Kuna watu huko, na kuna misikiti." Haya ilitushika hata kahawa ikatushinda. Tukaenda kwa yule mama mdogo, naye akasema mtoto amekwisha kurudi mlimani, na amesema hasomi tena.

Hapana budi tukafunga safari. Sokoni tulinunua mabonge mawili ya sukari guru iwe zawadi, tukapanda gari la abiria la asubuhi. Njia hiyo yapita Bigwa, kisha yazunguka milima kwa upande wa mashariki kuelekea Mkuyuni. Upande huo ndio unaopokea mvua za kutoka baharini, na mwenye macho huliona hilo mara moja: migomba imesongamana, minanasi, mifenesi, na kwenye miteremko mikarafuu na midalasini, utadhani uko Unguja. Kila baada ya mwendo mfupi mto washuka juu ya mawe kwenda kuungana na Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Juu kabisa mawingu hukifunika kilele cha Kimhandu, kipitacho mita 2,600.

Ndani ya gari bibi mmoja aliyeketi karibu nasi alinusa kifurushi chetu, akauliza ni nini. Tulipomjibu akacheka, akasema, "Basi hiyo ni sukari ya kwetu, guru ya Uluguru." Abiria wakaafiki. Wenyeji hutwambia kuwa jina la nchi yao latokana na mlima, na Waluguru maana yake ni watu wa milimani. Lakini guru ya sukari haikuzaliwa huko. Yatoka Bara Hindi, ambako sukari ya miwa isiyosafishwa huitwa gur, na majirani zetu Wahindi ndio waliokuja nayo. Tena Wahindi hao wana guru mwingine, naye ni mwalimu. Asili ya neno hilo katika Kisanskriti ni kizito. Basi mlima, sukari na mwalimu wamekutana katika silabi mbili, wala hawana undugu. Tulimweleza bibi, akasikiliza hata mwisho, kisha akasema kuwa hata hivyo yake ndiyo tamu zaidi. Hatukubishana naye.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na shauri la mtoto huwa kwa mjomba wake. Kwa hiyo hapo Matombo tulipelekwa kwa mjomba. Alikuwa mzee mwenye kanzu iliyofifia. Akaitikia salamu yetu vizuri, akatupa maji ya kunywa, wala hakuanza kwa lawama. Alitutoa nje akatuonyesha mawe makubwa yaliyosimama mlimani.

"Maalim, yafanana na nini?"

Tuliyatazama, tukanyamaza kwa kuona haya.

"Usione haya," akasema. "Kwetu tombo ni ziwa la mama, lile alilonyonya huyu mtoto, na wewe ulinyonya la mama yako. Nchi yetu imeitwa kwa mawe hayo. Ninyi Waswahili mwasema ziwa la mama, tena mwasema Ziwa Tanganyika. Mtoto akilitaja Ziwa Tanganyika shuleni, mwalimu humtoa nje?"

Hatukuwa na jibu, "Kweli, mzee wangu," basi. Baadaye tuliuliza zaidi, tukajua kuwa kwa Kiswahili chetu wenyewe tombo ni ndege, ndiye kware. Na kwa Washona wa Zimbabwe matombo ni mawe. Kumbe ndege, mawe na ziwa la mama, vyote vilikuwapo, na sisi masikio yetu yakachagua tusi.

Mtoto aliitwa. Tukamwomba radhi mbele ya mjomba wake, jambo ambalo waalimu wetu sisi hawakupata kulifanya, wala hatujui kama walikuwa na haki. Mtoto alitazama chini muda mrefu. Kisha akauliza, "Maalim, ile la ya mwanzo wa kalima ya shahada, ni kama kusema jina la mtu?"

Kumbe alikuwa na swali hilo tangu siku ya kwanza. Tukakaa chini ya mfenesi tukamweleza kuwa la ya Kiarabu ni hapana. Kwamba wa yao ni na, na ya yao ni ya kumwita mtu. Na kwamba na ikija mwishoni mwa neno lao ni yetu. Mjomba naye akavuta kigoda akasogea. Sukari guru ikamegwa, ikaliwa hapo hapo.

Mzee hakumwacha mtoto aondoke nasi. Alisema kuna kazi shambani, na kwamba atakuja kwa wakati wake. Tulirudi peke yetu.

Alikuja Mfungo Nne, ana mkungu wa ndizi kichwani, akaketi mkeka wa mbele. Mtoto mmoja mgeni kutoka Tanga akamwuliza kwao ni wapi, na chuo kizima kikageuka kututazama sisi.

"Matombo," akasema.

Tukamwambia afungue juzuu.