Kumbe 'boom' ya kaka yangu haikuishia baa

Mtaje mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ndani ya matatu, kisha unyamaze usikilize. Mmoja atasema hao ni warusha mawe. Wa pili atasema ni walevi, pesa za serikali zinaishia katika baa za Ngara. Wa tatu atakwambia wana kiburi, wakienda likizoni hawajui tena jembe linashikwa upande gani. Makanga naye hatakosa lake, hasa kama aliwahi kuvunjiwa kioo karibu na mzunguko wa Globe.

Nami nilikuwa na langu. Sikulitoa ndani ya matatu. Nililitoa nyumbani kwetu Machakos, mezani, mbele ya Mama.

Ilikuwa Aprili mwaka 2016. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, na magazeti yalikuwa yamejaa picha za moshi na vijana wakikimbizwa na askari. Nilikuwa nimekwenda kuwajulia wazazi hali. Nikalikunja gazeti nikasema, "Hawa ni watoto wa kudekezwa. Wanapewa boom, wanailewa, ikiisha wanavunja magari ya watu. Hata kaka si alikuwa hivyo hivyo?"

Mama aliweka bakuli la mboga chini polepole. "Na wewe," akaniuliza, "unadhani ulisomeshwa na nani?"

Hapo sharti nirudi nyuma kidogo. 'Boom' ni jina la mzaha ambalo wanachuo walizipa pesa za mkopo tangu enzi za wazazi wetu. Mpango wa mikopo ulianza miaka ya sabini, na mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB. Kaka yangu alipokuwa chuoni, kati ya mwaka 2006 na 2010, mkopo huo ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka, nao uligawanywa kwa mihula. Kwa mtu wa mjini hizo ni pesa za chakula, vitabu na chumba, tena za kubanabana. Lakini kijijini kwetu, ambako debe la mahindi lilikuwa jambo la kujadiliwa, ilisemekana kijana wa fulani analipwa na serikali kwa kusoma tu.

Basi kaka alipokuja Disemba na shati lile lile la mwaka uliopita, bila hata pakiti ya sukari mkononi, watu walijua la kusema. Baba mdogo alikuwa akimpokea kwa kicheko: "Bia ya Nairobi imepanda bei, sivyo?" Wote tulicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Nilikuwa na sababu yangu. Alama zangu za kidato cha nne hazikunifikisha chuo kikuu, nikajiunga na chuo kimoja cha uanahabari hapa mjini kusomea diploma. Si jambo zuri kukiri gazetini, lakini kumwona komredi akichekwa kulinipa nafuu rohoni.

Niliwahi kumtembelea kwenye mabweni ya barabara ya State House, mwaka 2009. Chumba cha watu wawili kilikuwa na watu wanne. Wawili wa ziada, ambao wenzao waliwaita maharamia kwa utani, hawakuwa na pesa za kulipia kitanda, wakawa wanatandika godoro sakafuni usiku na kulikunja alfajiri. Chini ya meza kulikuwa na koili ya kupikia, kitu kilichopigwa marufuku, nayo ilifunikwa kwa shuka mlango ulipobishwa. Walisonga ugali tukala kwa sukuma wiki. Kaka hakula. Alisema ameshakula mesini. Nikatoka pale nikijiambia kwamba kumbe kweli pesa zinakwenda mahali pengine, maana haiwezekani mtu apewe maelfu na aishi vile.

Ndiyo maana swali la Mama lilinikata maini. Alinieleza kwamba zile shilingi 18,000 za karo nilizoambiwa kila muhula zimetoka kwa chama cha akina mama hazikutoka kwa chama chochote. Zilikuwa za kaka. Mihula mitatu. Alimwapisha Mama asiniambie, nisije nikaona aibu nikaacha masomo.

Sisemi kwamba wanachuo ni malaika. Yule aliyelala kitanda cha pili katika chumba kile alipokea mkopo wake siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu ya pili alikuwa na redio kubwa, viatu vipya na njaa. Alimaliza muhula akila ugali wa wenzake. Wanaolewa wapo, na walio na maringo wapo. Waliodhaminiwa na serikali waliwahi kuwadharau wenzao wa masomo sambamba, wale waliojilipia karo yote kuanzia mwaka 1998, wakidai kwamba wamenunua nafasi. Kati ya hao waliodharauliwa walikuwamo wazazi waliotoka kazini jioni wakakimbilia darasani wakiwa na njaa.

Na mawe? Nilimwuliza kaka waziwazi. Akacheka mpaka akakohoa. Alirusha jiwe moja katika miaka yake minne, akasema, nalo likagonga mti.

Mimi niko katika kazi ya habari, kwa hiyo najua upande mwingine wa jambo hili. Bewa kuu la chuo kile limepakana na katikati ya jiji. Komredi akitoka bwenini akavuka barabara ya Uhuru Highway, tayari yuko mbele ya kamera, na vyumba vyetu vya habari viko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wanafunzi mia tatu wakifunga barabara hiyo, taifa zima litawaona. Lakini wako maelfu wengine wanaosomea ualimu huko Kikuyu, kilimo na udaktari wa mifugo huko Kabete, sayansi huko Chiromo, na udaktari katika hospitali ya Kenyatta. Siku ya ghasia hao huwa wanasikia redioni kama mimi na wewe. Sijawahi kutumwa na mhariri kwenda kupiga picha ya kijana aliyelala njaa ndani ya maktaba ya Jomo Kenyatta ili karo ya mdogo wake ilipwe. Na hata ningetumwa, ningemjuaje? Nilikaa naye chumba kimoja, nikala ugali wake, na sikumjua.

Siku hizi namna ya kugharimia masomo imebadilika tena, tangu mwaka 2023, na vijana wengi wanapanga vyumba nje ya chuo badala ya kulala mabwenini. Maneno ya kwenye matatu hayajabadilika. Juzi nilimsikia abiria akisema ati pesa za mikopo zinaishia kwenye kamari za simu. Huenda anamjua mmoja.

Kaka alimaliza kulipa mkopo wake mwaka 2019, pamoja na riba ya asilimia nne. Alipopata cheti cha kuthibitisha kwamba hadaiwi tena, alitualika nyumbani kwake Kitengela. Akachoma nyama. Nilikuwa nimeweka shilingi 54,000 katika bahasha, nikamvuta kando nikamkabidhi. Aliifungua, akahesabu kwa macho, akanirudishia.

"Hizi ni za nini?"

"Mihula mitatu."

"Mama hajui kunyamaza," akasema. Kisha akaniambia niende nikale, nyama inapoa.