Kutoka Kasenyi Kwenda Kujaza Kodi Bunia

Kutoka Kasenyi, bandari yetu ya Ziwa Albert, barabara inapanda ukingo wa bonde mpaka masikio yanaziba. Ziwa liko kwenye mita 600 na kitu, Bunia karibu mita 1,300. Ilikuwa mwezi wa tatu 2016, Ituri haijamaliza mwaka tangu iwe jimbo, nami sikuwa nimewahi kufika mjini. Shangazi alinichukua kwa ajili ya Kifaransa changu cha shule. Anauza samaki wa chumvi, pia sabuni na sukari zinazovuka ziwa kutoka Uganda. Magotini alipakata daftari za duka.

Tulipopita Bogoro aliacha kuzungumza. Tarehe 24 Februari 2003 watu wengi waliuawa hapo, na mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, kwa kushiriki. Wiki tatu hazikupita tangu mauaji hayo, Machi 13, Kinshasa ikatoa sheria namba 004/2003: mlipa kodi ahesabu mwenyewe, ajaze, atie sahihi, alipe. Bunia ya wakati ule ilikuwa ya wenye bunduki, na ushuru ulidaiwa kwenye kizuizi, bila karatasi. Shangazi alilipa hivyo miaka mingi. Sasa alikuwa anaambiwa ataje mwenyewe anachodaiwa, tena kwa Kifaransa. Nani asingetafuta mtu wa kumsemea?

Mtu wa namna hiyo hakosekani. Karibu na ofisi ya kodi alitusogelea komisioneri mmoja, yaani dalali, fomu mkononi.

“Mama, nipe dola 30, nitajaza. Na pesa ya kodi nipe, nitakupelekea.”

Shangazi alikwishaanza kufungua kitambaa chake cha pesa. Nilimwomba kwanza twende kwa mhasibu tunayesali naye parokia moja, aliyehamia Bunia, mtaa wa Mudzipela.

Huko ndiko safari yangu ilikoanzia kweli. Mhasibu alifungua daftari, akamuuliza shangazi, mwezi baada ya mwezi: hii ni dola? Hii ni shilingi ya Uganda? Hii ni franka? Duka letu linaishi kwa pesa za namna tatu, sheria inajua franka peke yake. Kubadilisha zote kulitumaliza mchana mzima. Mauzo ya mwaka yakafika franka milioni tisa na kidogo. Kwa amri ya Februari 2013, biashara isiyozidi milioni 10 ililipa franka 50,000 tu kwa mwaka. Kutoka hapo mpaka milioni 80, asilimia moja ya mauzo ya bidhaa, mbili kwa huduma. Dola ilikuwa chini kidogo ya franka 1,000, kwa hiyo komisioneri alitaka zaidi ya nusu ya kodi yenyewe kwa kuandika mistari michache.

“Mama, hii jaza mwenyewe,” mhasibu alisema. “Ukifika milioni 80, njoo. Hapo kuna TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 na hesabu za kila mwezi, na ukikosea utaumia.”

Nakubaliana naye kabisa. Tangu sheria ya Februari 2015 wahasibu wana baraza lao la kitaifa, na biashara kubwa inawahitaji. Lakini mwenye duka dogo anayemwachia mwingine fomu tupu yenye sahihi yake amemkabidhi ulimi wake, maana faini ikija itamtafuta yeye. Kama ana pesa ya kulipa, alipie kufundishwa.

Kesho yake nilisoma, shangazi akajibu, nikaandika, akatia sahihi polepole, jina lote. Franka 50,000 alizilipa mwenyewe benki, akahesabu mara mbili kabla ya kuzisukuma dirishani.

Mwaka uliofuata wanawake wa bandarini walianza kuja kwake na daftari zao. Alikubali kukaa nao na kuhesabu. Pesa zao za kodi alikataa kuzibeba.