Maumivu ya vyuma vya meno: tiba na subira viende pamoja



Nyumbani kwetu tunaye binti wa miaka 12 ambaye kwa miezi saba sasa amefungwa vyuma vya meno. Meno yake ya juu yalikuwa yamechomoza kiasi ambacho midomo haikuweza kufumba bila ya kulazimishwa, na yale ya chini yakawa yanamchoma kaakaa kila alipotafuna. Daktari alitueleza kwamba tiba huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Jamaa waliotutembelea waliuliza zaidi habari ya gharama. Sisi kilichotushughulisha zaidi ni maumivu, kwa sababu usiku wa pili baada ya kufungwa vyuma hivyo mtoto alituomba, huku akilia, virudishwe na viondolewe.

Neno lililo jepesi mdomoni mwa mzazi wakati kama huo ni "subiri." Ni neno jema na lina mahala pake. Lakini mtoto anayeambiwa subiri kwa kila kinachomuuma hujifunza kunyamaza tu, na siku atakapopata jeraha la kweli pia atanyamaza. Tulichojifunza ni kwamba maumivu ya vyuma si ya namna moja. Yapo ya kungojwa, yapo ya kutulizwa nyumbani, na yapo ya kurudishwa kwa daktari bila ya kuchelewa.

Ya kungojwa ni yale yanayotokana na kazi yenyewe. Jino halikugongomewa katika taya kama msumari katika ubao. Limezungukwa na utando mwembamba wa nyuzinyuzi unaolishikiza kwenye mfupa. Waya unapolisukuma, mfupa wa upande mmoja hulika taratibu, na upande wa pili hujengeka mfupa mpya, hata jino likahama kwa kadiri ya milimita moja kwa mwezi. Maumivu huanza saa chache baada ya waya kufungwa au kukazwa, hufikia ukali wake katika siku ya kwanza au ya pili, kisha hupungua hadi kwisha ndani ya juma moja. Binti yetu alipoelezwa hivyo, alianza kuhesabu siku zake mwenyewe. Maumivu yalikuwa yale yale, ila sasa aliyajua mwisho wake.

Hata hivyo, kungoja hakumzuii mtu kutafuta nafuu. Siku tatu za mwanzo tulimpikia uji, mtori, viazi vya kuponda, mayai na samaki aliyetolewa miba. Parasetamoli, kwa kipimo kinachofaa umri na uzito wake, ilimwezesha kulala. Aspirini haifai kupewa mtoto aliye chini ya miaka 16. Muwa, mahindi ya kuchoma, karanga, bisi, kashata na ubuyu tuliviweka kando kwa muda wote wa tiba, maana huvunja vyuma au hunata, na kila chuma kinachobanduka hurefusha safari.

Namna nyingine ya kutulizwa nyumbani ni michubuko ya mashavu na midomo. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja, mara kadhaa kwa siku, huituliza. Ipo pia nta maalumu itolewayo na madaktari wa meno. Hufinyangwa kidogo vidoleni, kikakaushwa chuma kinachokwaruza, kisha ikabandikwa juu yake.

Faida ya nta hiyo tuliiona madrasa. Ustadhi alituletea habari kwamba binti amekuwa akikaa nyuma na hasomi kwa sauti. Tulipomuuliza, tukabaini sababu. Herufi ya fa hutoka pale tumbo la mdomo wa chini linapokutana na ncha za meno ya juu, na tha na dhal huutaka ulimi uguse meno hayo hayo. Mdomo wake ulikuwa na vidonda na meno yalikuwa yakimuuma, kwa hiyo akizitamka vibaya, na wenzake wakamcheka. Hakuwa mvivu wala mkaidi. Tulizungumza na ustadhi, naye akawakanya wenzake kwa upole na akamsikiliza peke yake kwa majuma mawili. Nta na maji ya chumvi vilifanya kazi yao, ulimi ukazoea, na leo anasoma mstari wa mbele.

Ama ya kurudishwa kwa daktari, ni haya: waya uliochomoza na kuchoma shavu, chuma kilichobanduka, kidonda kisichopona, na maumivu yanayozidi baada ya juma badala ya kupungua. Uvimbe wa uso, usaha au homa havingoji miadi. Waya uliochomoza unaweza kusukumwa taratibu kwa kifutio safi cha penseli au kufunikwa kwa nta, lakini hiyo ni hifadhi ya njiani tu. Asitokee mtu akaukata kwa koleo la nyumbani.

Ramadhani nayo ina mpango wake. Tulimwomba daktari asikaze waya katika siku za kufunga, akatupangia miadi kabla ya mwezi kuandama na nyingine baada ya Idi. Asiyeweza kupanga hivyo na aombe miadi ya alasiri, ili ukali uanze usiku, ambapo dawa na maji vinaruhusika. Tende tuliitoa kokwa na kuiloweka hadi ikalainika. Baada ya daku lazima meno yapigwe mswaki vizuri kuuzunguka kila chuma, kwani uchafu ukikaa hapo huvimbisha fizi na kuacha madoa meupe kwenye meno. Mswaki wa mti ni mwema, ila peke yake haufiki nyuma ya waya.

Mzee mmoja tunayeswali naye aliuliza kama haya si mapambo ya vijana. Swali lake lina uzito, kwa sababu nyumba inayoyaona kuwa ni mapambo humwambia mtoto, "Uliyataka mwenyewe, vumilia." Tulimweleza kwamba wanazuoni hutenganisha kutibu kasoro na kutafuta urembo mtupu, na kwamba tabibu Muislamu wa Andalusia, Al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuyafunga kwa waya wa dhahabu meno yaliyolegea. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mjukuu wake, ambaye meno yamempanda, hajachelewa.

Wazazi wenzetu, mtoto wenu akisema meno yanauma, muulizeni ni wapi, tangu lini, na kama leo ni afadhali kuliko jana. Majibu yake ndiyo yatakayowaonyesha kama ni la kungoja, la kutuliza, au la kwenda kwa daktari. Wabillahi tawfiq.